Alternata ya Rhoda

Mimi ni mbishi, nasema mapema ili mtu asidhani sijijui. Kwa miaka thelathini na mmoja nimekimbiza gari langu kwenye uwanja wa mbio za robo maili wa Pigeon Fork bila alternata. Gari la barabarani linaihitaji, ichaji betri njiani. La mashindano linakwenda sekunde kumi na moja, kisha linarudi kupumzika. La nini kubeba kilo tano za chuma na kuipa injini kazi ya bure? Betri moja ya volti kumi na mbili kwenye buti, chaja kati ya raundi na raundi, basi.

Fainali ya kufunga msimu nimeifikia mara nne, na mara nne nimeshindwa. Lawama zote niliutupia mguu wangu wa kulia: taa ya kijani inawaka, wenyewe bado umelala. Nimewahi kuutukana mbele za watu.

Mwezi wa kwanza nikabadilishwa nyonga, daktari akaninyima usukani mwaka mzima, na kiti kikaenda kwa binti yangu Rhoda. Ana miaka thelathini na minne, na kazi yake ni kutengeneza umeme wa mashine za kuvunia mahindi. Siku aliyokubali kuendesha alimwaga waya juu ya meza ya jikoni, akaisukuma pembeni sahani yangu ya mayai.

"Njia ni tatu, Baba. Tubaki na mchezo wako wa chaja. Tununue betri ya volti kumi na sita. Au tufunge alternata."

"Hiyo ya kumi na sita. Nguvu inayo, na sifungi mzigo kwenye injini."

"Nayo inataka chaja yake na muda wake. Ukitoka nusu fainali wanakupa dakika ngapi?"

"Kumi. Wakikuonea huruma, kumi na mbili."

"Sasa utaichaji kwa maombi?"

Nikamkumbusha kwamba jikoni ni kwangu. Akanikumbusha kwamba kiti ni chake, na kama alternata haifungwi nitafute dereva mwingine. Ubishi huo kautoa wapi sijui, maana mama yake alikuwa mtu mpole.

Kazi ikala msimu wote, kwa sababu wakati wa mavuno Rhoda hashikiki. Aling'oa kila waya niliyoiweka. Alivuta waya nene kutoka kwenye buti hadi mbele, na nyingine nene ya kurudishia umeme, maana mimi nilikuwa naitegemea bodi yenye kutu ifanye kazi hiyo. Gari likawa tayari Oktoba, kwa mbio za mwisho wa msimu tu.

Asubuhi ya mbio tulipita kwa Clete, mkaguzi. Clete huacha injini ikinguruma, kisha anasukuma fimbo ya swichi kuu iliyo nyuma ya gari. Injini lazima ife hapo hapo, ili gari likipinduka mtu wa nje aweze kukata umeme. Mwenye kufunga alternata kizembe huumbuka hapa: betri imekatwa, injini inaendelea kula umeme wa alternata kana kwamba haijasikia, na Clete anakurudisha nyumbani.

Nakiri, nilisimama pale nikitamani isizime. Mtoto wangu mwenyewe, na mimi namwombea aibu ili nionekane nilisema kweli. Clete akasukuma. Kimya.

"Verlin, nani kafunga huu umeme?"

"Binti."

"Nilijua si wewe," akasema, na foleni nzima ikacheka. Nikaenda kununua mkate wa nyama ya nguruwe, nikaula kwa hasira. Ulikuwa mtamu pia.

Mashindano yetu hayaangalii nani ana gari lenye kasi. Kila mwenye gari anaandika kwenye kioo, kwa rangi nyeupe ya viatu, sekunde anazodhani gari lake litatumia. Mwenye namba kubwa huachiwa atangulie kwa tofauti hiyo; wa kwanza kufika mwisho ndiye mshindi, ila ukikimbia upesi kuliko ulivyoandika, umejitoa mwenyewe. Niliandika 10.84. Siku ilikuwa ya mawingu, hewa ile ile tangu asubuhi, na Rhoda akapita raundi moja baada ya nyingine. Kila akirudi nainuka kuifuata chaja, nakumbuka haina kazi, nakaa tena na kahawa yangu. Nilikuwa na raha, ingawa sikumwambia mtu.

Fainali tukapangiwa Haverkamp, mfuga nguruwe, aliyenifunga mbili kati ya zile nne.

"Verlin, ule mguu wako leo umeuacha nyumbani?"

"Umepumzika. Leo unakutana na mwenye miguu mizima, we jiandae tu."

Gari lilikuwa limerudi dakika tisa tu kabla. Nikafuta kioo, nikaandika 10.87. Mkono uliandika wenyewe. Rhoda alikuwa ameshafungwa mikanda. Akainua kioo cha helmeti.

"Hiyo nini, Baba?"

"Fainali gari huchoka. Siku zote naongeza tatu."

"Hebu tazama geji."

Nikachungulia. Volti kumi na nne nukta mbili, kama asubuhi. Miaka yangu yote, saa kama hii geji ilikuwa ikisoma kumi na moja na kitu.

"Namba ni yako kuandika," akasema. "Mimi nitakanyaga hadi mwisho." Akashusha kioo.

Mwamuzi akatupungia mkono tusogee. Niliogopa, sifichi. Nikiiacha 87 na Rhoda ndiye mkweli, namtoa mimi. Nikiifuta na mimi ndiye mkweli, ni fainali ya tano kupotea, na safari hii ni yake. Nikaifuta kwa mkono wa shati, nikaandika 10.84. Ile nne ilitoka imepinda.

Gari la Haverkamp lina kasi zaidi, hivyo Rhoda aliachiwa aondoke kwanza. Nililisikiliza kwa masikio tu, macho nimefumba. Halikukohoa wala kulegea. Nilipofumbua, taa ya mshindi ilikuwa inawaka upande wetu na ubao umeandika 10.846. Nilipiga kelele hadi Clete akaja kuangalia kama nimeanguka.

Rhoda alirudi, akavua helmeti, akanipa karatasi ya muda, pamoja na nyingine nne zilizofifia, za fainali zangu zile nne. Alikuwa amezitoa nyumbani, kwenye kopo la biskuti ambamo mimi huzitupa za kushindwa. Huzitupa bila kuzisoma, nani anataka kusoma kushindwa kwake?

"Soma mstari wa juu," akasema.

Mstari wa juu ni wa dereva: alichelewa kiasi gani baada ya taa ya kijani. Sehemu moja ya mia ya sekunde. Mbili. Moja. Moja tena. Hakuna mtu Pigeon Fork anayeondoka hivyo. Mstari wa chini ni wa gari, na hapo ndipo palipooza: lilichelewa kwa sehemu saba za mia, hata tisa, mara zote nne, zaidi ya zile tatu nilizoongeza.

"Pampu ya mafuta ilikuwa inakufa njaa ya umeme," akasema Rhoda. "Wewe uliondoka sawasawa kila mara."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ungebisha."

Nikakaa kwenye ngazi ya trela na zile karatasi mapajani. Haverkamp akaja kumpa Rhoda mkono, na mimi nikainama, nikaupapasa mguu wangu wa kulia, nikauomba radhi kwa sauti, mbele ya watu wale wale.