Fungu la Mke Mkubwa

"Vimwage vidonge hapa mezani, mama, tuvione," mshauri wa kliniki alisema, akasogeza kikombe chake cha chai kupisha nafasi.

Mke mkubwa hakuvimwaga. Aliishika chupa ya dawa kwa mikono miwili, mikono ya vidole vilivyotobokatoboka kwa sindano ndefu ya kushonea magodoro, akamtazama yule kijana ambaye kwa umri angekuwa mwanawe. Kikohozi kilimpanda. Akakimeza, kikapanda tena, akageukia ukutani mpaka kilipomwachia.

"Nameza," alisema alipopata pumzi. "Kila siku ya Mungu, nameza."

"Nakuelewa, mama. Lakini kipimo cha kinga kinashuka, na mtu anayemeza dawa kinga yake hupanda. Hapa ukweli haumfukuzi mtu. Kama kuna siku unasahau, au unaona aibu mbele ya watu wa nyumbani..."

"Nimwonee aibu nani? Nyumbani tuko wawili, na sote tunameza."

Mlango uliokuwa wazi kidogo ukafunguka wote. Mke mdogo, mke mwenzake, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na mikoba yao yote miwili mapajani, na tangu kuzaliwa kwake hakuwa mtu wa kusikiliza jambo nusu.

"Samahani, kaka, nimesikia," alisema. "Msahaulifu ni mimi. Nikishashiba nikajinyoosha, dada huyu ndiye anayenijia na kidonge na maji, anasimama juu yangu mpaka nimeze. Kama kuna mtu wa kumwagishwa vidonge, basi nimwagishe mimi."

Mshauri akafungua faili la mke mdogo, maana siku zao za kliniki zilikuwa moja. Kinga yake ilikuwa imepita mia nane. Ya mke mkubwa haikufika hata mia. Akayatazama mafaili mawili, akawatazama wanawake wawili, kisha akasema kwa sauti iliyopungua kidogo, "Nendeni kwa daktari."

Waliketi koridoni kungoja. Mke mdogo alitoa kitambaa, akampa mwenzake ajifute jasho, na mke mkubwa alikipokea bila kumtazama. Kulikuwa na wazo lililokaa kifuani mwake muda mrefu, pamoja na kikohozi, na leo lilikuwa limeamka: hata maradhi waligawiwa na mkono mmoja, na bado fungu la mdogo lilitoka jema kuliko lake.

Mkono huo ulikuwa wa Laini, mume wao. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu ya magodoro yake ya sufi na kwa sababu ya ulimi wake, na hakuna aliyejua kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa laini zaidi. Mke mdogo alipopata mimba alipimwa kliniki, akaanzishiwa dawa siku hiyohiyo, na mtoto akazaliwa salama. Sasa alikuwa msichana wa shule ya bweni. Siku ile ya kupimwa, mtu wa kwanza kuambiwa hakuwa mume. Alikuwa mke mkubwa, jikoni, mbele ya sufuria iliyoungua bila yeyote kuiepua.

Laini alipoambiwa alicheka. Baadaye hakucheka tena, alikasirika. Kwa mke mdogo alikubali dawa, kwa ajili ya mimba. Kwa mke mkubwa alikataa. "Wewe ukienda huko utakuwa umenitangaza," alimwambia. "Mmoja wataamini ni bahati mbaya. Wawili watajua ni mimi." Naye akatii. Laini alipoanguka kitandani kwa ugonjwa huohuo, alibaki nyumbani akimgeuza ubavu, akimwosha, akimlisha kwa kijiko, huku na yeye akikonda kama ng'onda na kusema ni uchovu wa kuuguza. Alikwenda kliniki baada ya maziko. Alifika akiwa amebebwa.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Alisoma karatasi iliyotoka maabara asubuhi ile, akaisoma tena.

"Mama, umesingiziwa," alisema. "Hiki ni kipimo cha virusi vyenyewe. Havionekani kwenye damu. Dawa unameza, na inafanya kazi yake."

Mke mdogo akapumua kwa nguvu, kana kwamba aliyekuwa kizimbani ni yeye. Mke mkubwa aliendelea kuutazama uso wa daktari, kwa sababu uso ule haukuwa umefurahi.

"Basi mbona nakwisha?"

Daktari akavuta kiti chake karibu. "Kuna seli za damu tunaziita CD4. Watu husema askari wa mwili, lakini askari wako wa aina nyingi. Hizi ndizo zinazopiga mbiu. Adui akiingia, zinawaamsha wengine na kuwaelekeza pa kwenda. Virusi huingia ndani ya hizohizo, vinazaliana humo, na kuziua. Siku virusi vikizimwa na dawa, kwa watu wengi seli hizo hurudi. Lakini zina mahali zinapolelewa, kwenye tezi, hapa shingoni, kwapani, tumboni. Moto ukikaa sana kabla ya dawa, mahali pale panabaki makovu. Virusi vimelala, lakini seli hazina pa kulelewa. Chache zinazozaliwa hazidumu."

Mwenye kovu usidhani kapoa, mke mkubwa aliwaza. Alikuwa amelisema neno hilo mara ngapi, juu ya visigino vya watu na mioyo yao.

"Za mwenzangu zilirudi," alisema.

"Yeye aliwahi."

"Na mimi ningewahi pamoja naye?"

Daktari alichukua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya koti, ingawa haikuwa na uchafu. "Huenda zingerudi, mama. Siwezi kukuapia."

"Huenda inatosha."

Mke mdogo alikuwa ameinamia mikoba, akifunga na kufungua kishikizo cha mmojawapo.

Kulikuwa na mengine. Picha ya kifua ilionyesha nimonia ya wale ambao askari wao wamekwisha. Angepewa vidonge zaidi, vikubwa, na vingemchafua tumbo. Daktari aliuliza kazi yake. Aliposikia magodoro ya sufi aliuliza kama kuna vumbi, na mke mkubwa akajibu kwamba kazi yote ni vumbi, godoro ni kile kinachobaki. Basi aiache, daktari akasema, aiache leo. Na pumzi ikimbana, hata usiku wa manane, asingoje kuche.

Mwisho aliuliza jambo kwa kusitasita. Kulikuwa na wataalamu waliotaka kujua kwa nini seli za watu wengine hazirudi. Wangependa kupata damu yake, kidogo.

"Watanirudishia nini?"

"Wewe, pengine hakuna. Sitaki kukudanganya."

Mke mkubwa alikunja mkono wa gauni lake juu ya kiwiko. "Basi wachukue. Laini alichukua zaidi, na hakuomba."

Nyumbani, banda la kazi lilikuwa kama walivyoliacha: gunia la sufi limefunguliwa mdomo, fimbo za kuchambulia, kitambaa cha milia kimeshonwa pande tatu kikisubiri kujazwa. Mteja angekuja kabla ya jioni. Mke mkubwa alivua viatu, akakaa mahali pake, na mikono yake, bila kumuuliza, ikazama guniani.

"Toa mikono," mke mdogo alisema.

"Nafunga gunia tu."

"Hufungi. Toa mikono, dada."

Akaitoa. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimemganda mpaka kwenye viwiko. Alizitazama, na lile wazo la kifuani likapata mdomo.

"Mume ulimchukua. Afya umechukua. Sasa chukua na kazi, ukamilishe."

 Mke mdogo alijifunga kitambaa puani, akaokota fimbo, kisha akakishusha kitambaa ili asikike vizuri.

"Mume mtaje utakavyo, hayupo wa kubishana. Afya, ingekuwa unga, ningekupimia nusu, na nusu yako ningeijaza zaidi. Kazi nitaifanya mimi, na chungu kitabaki kimoja. Sasa nenda nje kabla sijaanza kupiga."

Mke mkubwa akaenda nje. Alikaa kwenye kigoda upande usio na upepo, akisikiliza fimbo ikipiga sufi. Ilipiga haraka mno. Sufi inayopigwa kwa hasira hukatika, na godoro lake hulala kabla ya mwenye kulilalia.

"Polepole," alisema mwishowe. "Sufi haijakuibia kitu."

Fimbo ikanyamaza, kisha ikaanza tena, taratibu.

Mteja alipokuja kuchukua godoro lake, alilibonyeza kwa goti, akaridhika, akaondoka nalo kichwani. Mke mkubwa aliinuka kwenda bafuni kuosha mikono. Ua haukuwa mpana. Alifika katikati, penye kamba ya nguo, na hewa ikakataa. Alishika kamba kwa mikono miwili, shuka lililoanikwa likamfunika uso, na kwa kitambo kirefu mke mdogo aliona miguu yake tu, vidole vikijikunja mchangani.

Alimfuata, akamshika kiuno.  Alimketisha kizingitini mwa chumba cha mke mkubwa, akangoja mpaka mabega yalipoacha kupanda, kisha akavuka ua na kuingia chumbani kwake mwenyewe. Kukasikika vitu vikiburutwa. Alitoka kinyumenyume, akivuta kitanda chake.

"Unahamia wapi na jua hili?" mke mkubwa aliuliza.

"Kwako."

"Kwangu?"

"Laini alikuwa akigawa zamu. Basi leo ni zamu yangu." Alisimama kujifuta jasho. "Na kesho. Usiponisikia nikikoroma, ujue nakusikiliza wewe."

Mke mkubwa alifungua mdomo atoe neno kali. Lililotoka lilifanana na kicheko, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilichukua muda wake. Mwenzake alingoja, mkono juu ya ubao wa kitanda.

Kikohozi kilipotulia, walijaribu kukiingiza kitanda. Mlango ulikuwa mwembamba. Miguu miwili ya mbele ilipita, ya nyuma ikagoma.

"Kilaze ubavu," mke mkubwa alisema kutoka ndani, ameshika pembe moja.

"Wewe usinyanyue. Shikilia tu."

"Nashikilia."

Kitanda kilikaa hapo mlangoni, nusu ndani, nusu nje, na wao wawili kila mmoja upande wake, wakivuta pumzi kabla ya kujaribu tena.