Kuamsha kwa Kiganja

Kifuniko cha kompyuta kilifungwa, ta. Kikafunguliwa. Kikafungwa tena. Alfajiri ilikuwa bado, na hapo mtaani Alunguli hata jogoo alikuwa hajakohoa. Bibi Halima alijifunga kitenge akatokea sebuleni.

"Nimekuamsha, Koko?" aliuliza Naomie, mjukuu wake aliyekuja kutoka Kisangani.

"Wazee hawalali, mama. Iko nini?"

Naomie aliletwa na chombo cha maternite, hospitali ya wazazi, moja ya mtaa wa Kasuku, kile cha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni. Kiliunganishwa kwa waya na kompyuta, na ili betri isiishe, kati ya mzazi mmoja na mwingine kililazwa kwa kufunga kifuniko, kikaamshwa kwa kukifungua. Lakini kikiamshwa, kioo kiliwaka tu, sikio likabaki kiziwi. Kikipona, Naomie angepanda ndege leo. Kisipopona, angebaki. Halima alijua la kuombea, ila moyo ulimkatalia.

"Kosa ni la piloti yangu," Naomie alisema.

"Piloti? Wa ndege?"

"Wa chombo, Koko!" Naomie alicheka. "Njo programu inayokiambia: lala, amka. Ilikuwa inakiamsha na kukituma kazi papo hapo, kabla umeme haujatulia. Sasa nimeiandika ingoje kidogo."

"Kama Pélagie," Halima alisema polepole.

Miaka ya vita, Halima na majirani walilala msituni, njia ya kwenda Pangi, na mara nyingi walihama gizani. Mtoto aliyevutwa usingizini alilia, na kilio kingewafichua wote. Pélagie, jirani asiye na mtoto, alimpitia kila mtoto. Aliweka kiganja kifuani, akanong'ona jina, akangoja macho yarudi. Ndipo aliposema, "Twende." Wengine walikuwa wamekwisha kutangulia, yeye alingoja. Sasa amezikwa mahali paitwapo Kama, na Halima bado humtafuta kwa macho sokoni.

"Wewe ulikuwa muzito kuamka kushinda wote. Alikungoja."

"Sikumbuki, Koko."

"Ungekumbuka wapi? Ulikuwa unanyonya kidole."

Naomie aliweka sikio la chombo kifuani pa bibi yake, akafunga kompyuta, akaifungua. Kimya. Halima akashikwa na tumaini, akalionea haya. Kisha du-du, du-du, moyo wake mwenyewe ukajaa chumbani.

"Kimesikia!" Naomie akamkumbatia. "Lakini moyo unakimbia hivi, unafukuzwa na nani?"

"Na ndege yako."

Naomie akaanza kukunja waya, taratibu. Halima akamshika mkono.

"Utakuja tena kunisalimia, mama? Hata kama hakuna chombo kimeharibika?"