Pilipili ya Bi Arafa

Msinitazame hivyo. Ndiyo, nilimcheka Loisi, na nilimcheka kwa raha zangu. Nani hakumcheka? Mwanamke mzima, wa umri wa kuamkiwa shikamoo, anakuja kibandani kwangu na kibuyu cha maziwa kichwani, na akifungua mdomo maneno yanasukumana kama mbuzi mlangoni mwa zizi. Shikamoo yenyewe sikumpa.

Ulikuwa mwaka ule reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma. Nilikuwa nakaanga maandazi karibu na stesheni, na wateja wangu walikuwa watu wa mji: mafundi wa reli, makarani, askari, hata akida Bushiri mwenyewe. Loisi akitokea tu, namchokoza. "Haya Mama Filipo, tueleze, ng'ombe wameamkaje huko?" Maskini anajaribu. Watu wanashika mbavu. Nami nawatilia chumvi: "Loo! Huyu akisema Kiswahili, hata punda anaziba masikio!"

Mwishowe akaacha kusema. Akawa anatua kibuyu, anaonyesha kwa vidole, anakwenda zake. Alikuwa Mkristo, anasoma vizuri tu, lakini wamisionari waliwasomesha kwa Kigogo chao. Kiswahili alikuwa anakiokota kwangu, na kwangu ndiko alikokiogopa.

Siku moja mafuta ya moto yalinirukia mkononi. Hapakuwa na mtu ila yeye. Nilipiga kelele, nikaanguka chini. Loisi akanimiminia maziwa juu ya kidonda, akachana ncha ya nguo yake, akanifunga. Akanitazama usoni, akaokota kibuyu chake, akaenda zake. Kesho yake nikamcheka kama kawaida.

Basi wiki ile mtu akakata waya wa simu njia ya Kikombo. Askari walimkamata Filipo, mwanawe Loisi, mtoto pekee, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Kosa lake alivaa kikuku cha waya mkononi. Wakasema ndio ule waya wa simu. Adhabu yake kila mtu aliijua: hamsa ishirini za kiboko, yaani ishirini na tano, halafu mnyororo. Na mnyororo wa Mjerumani, wengi waliofungwa hawakurudi.

Loisi akaja mbio. Akatoa kikuku kingine, pacha wa kile cha Filipo, akakiweka mbele yangu. Kwa vidole na maneno mawili matatu nikamwelewa. Vikuku vyote viwili alipewa na mama yake, waya wa masango, ile shaba ya biashara ya misafara ya zamani, kabla Mjerumani hajachimba hata shimo moja la nguzo. Alitaka nimfundishe kulisema hilo barazani.

"Mkalimani yupo," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Kweli, mkalimani hakuwapo. Mwezi uliopita alikosea neno moja mbele ya Bwana Mkubwa, yule Mjerumani wa boma, akapigwa fimbo kumi na tano, akatoroka usiku uleule. Tangu hapo kila Mgogo aliyejua Kiswahili alijifanya bubu. Ungefanya nini wewe?

Nikamfundisha siku saba. Sentensi moja tu: "Kikuku hiki nilipewa na mama yangu, kabla ya waya wa simu." Siku ya kwanza alipokosea nikaweka pilipili kichaa kwenye kifuniko cha chungu. "Kwetu," nikasema, "anayekosea analamba." Wateja wakapiga makofi. Loisi akanitazama, akainama, akalamba. Machozi yakamtoka, akarudia tena, akakosea, akalamba tena. Mama mtu mzima! Hakulalamika hata mara moja.

Sasa niwaambie pilipili ile niliitoa wapi. Niliitoa kwa Bi Arafa, Bagamoyo. Mimi mnayeniita Mwajabu wa Bagamoyo nilizaliwa mwendo wa asubuhi moja kutoka stesheni ile. Mwaka wa njaa baba aliniweka rehani kwa watu wa msafara, akapewa mtama. Nilikuwa na miaka kama saba. Hakuja kunikomboa; wakanipeleka pwani, nikawa mtumishi wa nyumba ya Bi Arafa. Kila neno la Kigogo lililonitoka, Bi Arafa alinisugua pilipili ulimini. Kila neno la Kiswahili nililolikosea, vilevile. Baada ya miaka miwili nilisema Kiswahili kuliko watoto wake wa kuzaa. Masikio yangu, yaliyotobolewa Kigogo, niliyafunika kwa ushungi, na mume wangu, aliyenileta huku Dodoma, alinioa akijua ameoa mwungwana wa pwani. Angejua kaoa mtoto wa rehani, Mgogo wa porini, angenirudisha nilikotoka, na sikuwa na nilikotoka. Kwa hiyo nilicheka. Nilicheka kuliko wote, ili asiwepo wa kunidhania.

Siku ya saba Loisi alisema sentensi yote, haina doa. Nikaondoa pilipili. "Haya, umefuzu," nikasema. Akanishika mkono, akaubusu. Nikauvuta.

Siku ya baraza uwanja wa boma ulijaa. Wateja wangu walikaa mbele, nami kati yao. Bwana Mkubwa alikaa kwenye kiti, Bushiri kasimama ubavuni pake. Filipo aliletwa kafungwa mikono, akamtafuta mama yake kwa macho mpaka akampata.

"Mama yake anena," akasema Bwana Mkubwa. Kiswahili chake kilikuwa kibovu kuliko cha Loisi, wallahi, lakini nani angemcheka?

Loisi akasimama, kikuku mkononi. "Kikuku hiki..." akaanza. Neno la tatu likatoka vibaya.

Watu wakacheka. Si watu wote, ni wale wangu, wa maandazi. Mmoja akapaza sauti: "Pilipili! Mpeni pilipili!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata walioketi mbali wasiojua wanachekea nini.

Loisi akafumba mdomo. Nilimwona akipitisha ulimi midomoni, kama anaisikia bado. Akajaribu tena, sauti haikutoka.

"Nani hapa anajua Kigogo?" akauliza Bwana Mkubwa, kachoka.

Wagogo wote waliinamisha vichwa.

Ndipo Loisi akageuka. Hakumtazama Bwana wala akida, alinitazama mimi. Akasema kwa Kigogo, taratibu, kila kitu: mama yake, masango, misafara, vikuku viwili, na mtu mwingine kijijini aliyeviona vikivaliwa kabla Filipo hajazaliwa. Nilisikia kila neno. Miaka kumi na tano, na hakuna hata moja lililonipotea.

Bushiri akakunja uso. "Mwajabu, huyu anakwambia wewe. Anasema nini?"

Watu wangu wote wakanigeukia. Ulimi wangu ukawaka moto. Haki ya Mungu, uliwaka.

"Mimi nitajuaje, akida?" nikasema. "Mimi mtu wa Bagamoyo. Kilugha chao sikijui."

Nikacheka kidogo. Wakacheka.

Filipo alipigwa hamsa ishirini palepale, mama yake anahesabu kwa midomo bila sauti. Kisha akapelekwa kwenye mnyororo, njia ya pwani. Kikuku walikichukua. Cha Loisi pia walikichukua, wakasema ni ushahidi.

Maziwa hayakuja tena. Miezi mitatu baadaye habari ikafika kwamba Filipo amekufa kwa homa, wamemzika kando ya reli, hajulikani wapi.

Asubuhi moja Loisi akaja bila kibuyu. Kibanda kilijaa wateja. Akasimama mbele yangu akasema kwa sauti, moja kwa moja, bila kukwama: "Kikuku hiki nilipewa na mama yangu, kabla ya waya wa simu." Mkononi hakuwa na kitu. Hakuna aliyecheka. Mmoja akaacha andazi lake, akatoka.

Kisha akainama karibu nami, akasema kwa Kigogo, polepole kama mtu anayesema na mtoto: "Siku ile ulipoungua ulilia 'yaya'. Ulimwita mama. Nilijua tangu siku hiyo kuwa wewe ni wetu. Sikumwambia mtu, nikasema una sababu yako. Hata pale barazani sikukutaja. Nilikungoja tu."

Akangoja tena. Mafuta yalikuwa yanachemka. Wateja walikuwa wananitazama, wanataka kujua kasema nini.

Nilifunga ushungi wangu vizuri. Nikamjibu kwa Kiswahili cha Bi Arafa, safi, hakina kosa hata moja.

"Sema Kiswahili, mama," nikamwambia. "Sikuelewi."