Matone ya Zamu ya Asubuhi

Zamu ya asubuhi katika kiwanda cha krimu iliingia kama kawaida yake. Wanawake walivua viatu vya njiani wakavaa ndara za kazini, wakasukumiza nywele ndani ya kofia za nailoni na kusengenya kidogo kabla msimamizi hajatokea. Mlinzi alilisukuma lango kwa bega, maana bawaba zilikuwa na kutu na fundi aliyepaswa kuzitia grisi alishikilia kwamba hiyo si kazi yake. Lango lilipofunguka, matone ya zebaki yaliyokuwa yakisubiri nje yaliingia pamoja na wafanyakazi. Yalikuwa madogo, ya mviringo, yanang'aa kama kijiko kipya, na yalibingirika yakiambaa ukuta ili yasikanyagwe. Mlinzi aliyapisha. Alidhani yametumwa.

Mfagiaji hakuyapenda. Aliyazoa akayamwaga mtaroni, na kesho yake yalikuwa ya kwanza kwenye foleni, kwa kuwa yalilala karibu. Akayazoa tena. Siku ya tatu alimwambia msimamizi kwamba yeye aliajiriwa kufagia takataka, si wageni, na akaegemeza ufagio wake ukutani.

Ndipo akaitwa Mkemia, kijana mpole ambaye miwani yake ilikuwa inateleza puani kila alipotaka kusema jambo la maana. Aliinama, akayatazama, akasukuma miwani.

"Ni zebaki," alisema. "Ile ile tunayotia kwenye krimu. Inapita kwenye ngozi, inakaa mwilini, inakula figo. Ikizidi inatoka."

"Na kwa nini ije hapa?" aliuliza Meneja.

"Sidhani kama inajua kwingine."

Meneja alitafakari. Alikuwa mtu nadhifu, asiyependa kukurupuka. Aliuliza kama lebo ya kopo inataja zebaki mahali popote, na Mkemia akajibu kwamba haitaji.

"Basi si yetu," alisema Meneja bila kupepesa macho, akarudi ofisini kwake.

Aliyegundua kwamba matone yana nyuso ni Mama Vifuniko. Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili tu. Yeye alikaa mwisho wa mkanda, pale makopo yanapofika yamejaa krimu nyeupe, akayabana vifuniko kwa kiganja, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwita vinginevyo. Asubuhi moja aliinama kurekebisha ndara iliyofyatuka, akajikuta anatazamana na tone moja. Alitarajia kuona pua yake mwenyewe. Badala yake alimwona fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mwanamke mweupe wa kupigiwa mfano, akiwa ameinamia kazi yake. Mama Vifuniko alimsalimu, kwa adabu tu. Tone halikuitika, likaendelea na safari.

Tangu hapo kuingia kazini kukawa na raha yake. Wanawake walichuchumaa langoni wakitambua watu.

"Huyu si mwalimu wa wanangu?"

"Na huyu dada wa benki. Jamani! Na alivyotuapia kwamba siri ni maji tu, anakunywa maji mengi."

"Maji gani hayo ya kung'arisha mpaka nyuma ya masikio."

Mama Vifuniko alicheka na wenzake, lakini kicheko hakikufika mbali. Kila mwisho wa mwezi kiwanda kiliwapa wafanyakazi kopo moja moja la bure. Yeye ngozi yake ilikuwa inawasha, hakulitumia. Alimpelekea binti yake, aliyekuwa akiishi naye katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli. Binti alijipaka usoni, shingoni na kifuani, akawa wa kutazamwa. Kisha akajifungua mtoto wa kiume. Wiki hizo mtoto huyo alikuwa hapati usingizi. Viganja na nyayo zake vilikuwa vyekundu kama vilivyochovywa maji ya moto, vinabanduka ngozi, na mikono ilimtetemeka hata akiwa ananyonya. Bibi yake alikuwa anampenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu, na alikuwa anaogopa.

Wakati huo huo, mapipa ya buluu ya zebaki ambayo kiwanda kilikuwa kikiagiza kutoka mbali yalichelewa. Pipa kubwa la kuchanganyia lilikaa kavu, mkanda ukasimama, wanawake wakakaa kupiga domo. Meneja alitoka nje kupunga upepo, akayatazama matone yaliyokuwa yakizurura uani bila kazi, na uso wake ukakunjuka. Jioni hiyo hiyo aliletwa mwashi. Alijenga mfereji mwembamba wa saruji kutoka langoni hadi chumba cha kuchanganyia, akaupa mteremko mzuri, ingawa matone hayo yalikuwa yanapanda ngazi bila shida. Hayakuhitaji kulazimishwa. Yalifika, yakapanda ubavu wa pipa, yakajitosa. Wafanyakazi waliambiwa wainue miguu wanapovuka mfereji. Meneja alitangaza kwamba kwa upande wa malighafi kiwanda sasa kinajitegemea, na watu wakapiga makofi, kwa sababu mkanda ulikuwa umeanza kutembea tena.

"Watu wamepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema mlinzi, "na sasa chupa yenyewe inarudi kujazwa." Lakini alisema akiwa kibandani kwake, redio ikiwa juu.

Mama Vifuniko aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda kliniki na binti yake na mjukuu. Muuguzi aliitazama mikono ya mtoto, kisha akamtazama mama yake usoni, kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyopendeza.

"Nyumbani nani anapaka krimu ya kung'arisha?"

"Mimi," alisema binti. "Lakini mtoto simpaki, dada. Yeye nampaka mafuta yake."

"Analala wapi?"

"Kifuani kwangu."

Muuguzi alikitazama kifua hicho kilichopakwa krimu. Kisha akaagiza vipimo, na akasema shuka zifuliwe, taulo, mito, kila kitu kilichogusa krimu, na kopo litoke ndani ya nyumba siku hiyo hiyo. Alisema zebaki itamtoka mtoto taratibu, na kwamba hawezi kuwaahidi kitu kuhusu ile mitetemo.

Walipofika mlangoni, binti aligeuka.

"Mama, si uliniambia imepimwa?"

"Ina alama ya ubora, mwanangu. Mimi mwenyewe huwa naiona ikipita."

"Na mimi niliiona," alisema binti, akaingia ndani kufua.

Mama Vifuniko alikaa uani, akalia. Kopo hilo lilikuwa limeingia nyumbani ndani ya mkoba wake, na kila mara alilitoa kwa mbwembwe, kama zawadi. Alilia mpaka kamasi, kisha akajifuta, akaenda kumsaidia kukamua mashuka.

Krimu ilitolewa nyumbani. Siku chache baadaye, Mama Vifuniko akiwa anajiandaa kwenda kazini, kitone kidogo kama kichwa cha pini kilidondoka kutoka kwenye blanketi la mtoto, kikagonga sakafu bila sauti. Alipiga magoti. Ndani yake mjukuu wake alikuwa anamtazama, macho makubwa, ngumi mdomoni. Kitone kilipita chini ya mlango. Bibi alichukua mkoba wake akakifuata, maana njia ilikuwa moja.

Walikwenda pamoja. Matone ya watu wazima yalikuwa yanawapita kwa kasi. Hiki kilikuwa bado hakijazoea barabara, kikikwama kwenye nyufa za lami na kupotea kwenye majani makavu. Mama Vifuniko aliwaambia waendesha baiskeli wapunguze mwendo. Kwenye makutano alisimama katikati, akanyoosha mkono, na magari yakasubiri. Alijaribu kukiokota, kikagawanyika vipande viwili, kila kimoja na mtoto mzima ndani yake, kisha vikaungana mbele ya vidole vyake. Alitoa kifuniko cha kopo mfukoni akakifunika. Kifuniko kikaanza kutembea.

Kila asubuhi ikawa hivyo, na kila asubuhi kitone kilivuka lango, kikaufuata mfereji. Alichokuwa anakitaka Mama Vifuniko kilikuwa kidogo. Hakutaka kitu kilichotoka kwa mjukuu wake kiende kumwingia mtoto wa mwingine. Alijikaza kisabuni, akabisha hodi kwa Meneja akiwa na kile kifuniko, kitone kikihangaika chini yake.

"Bosi, naomba hiki kimoja kisiingie kwenye pipa."

Meneja alivaa miwani ya kusomea, akainama.

"Ni mjukuu wako?"

"Ndiyo."

"Amechukua macho yako. Hali yake?"

"Anatetemeka bado."

"Pole sana, mama." Alisema kwa huruma ya kweli, hakuwa mtu mbaya wa kuonekana. "Lakini nikikuachia wewe, kesho kila mtu atakuja na wa kwake. Nitachanganya nini?"

Alimpa kopo la ziada la mwezi huo, kama rambirambi isiyo na msiba. Mama Vifuniko alilikataa, nalo likapewa aliyefuata kwenye orodha. Kitone, kilipoachiwa, kilitoka ofisini peke yake.

Adhuhuri alifika Mkaguzi wa Ubora. Alikunywa soda ofisini, kisha akatembezwa. Alipima herufi za lebo kwa rula akakuta zimefikia ukubwa unaotakiwa. Alikagua tarehe ya mwisho wa matumizi. Alipofika kwenye mfereji aliinua mguu kama walivyoinua wengine, akauliza hii ni nini.

"Malighafi," alisema Meneja.

Mkaguzi aliinama.

"Huyu ni mke wangu," alisema.

"Mteja wetu wa siku nyingi. Tunamthamini sana."

"Aliniambia ni usingizi wa kutosha."

Mkemia, aliyekuwa amesimama nyuma, alisukuma miwani, akafungua mdomo. Meneja akamtupia jicho, na miwani ikateleza tena. Mkaguzi alinyooka, akakung'uta magoti, akauliza mhuri aupige wapi. Lebo haikuwa na kosa.

Mchana huo Mama Vifuniko alibana vifuniko huku akichungulia kila kopo kabla ya kulifunga. Mengi yalikuwa na nyuso zilizokorogeka, jicho la huyu na kidevu cha yule, wala hazikumhusu. Kisha likaja moja ambalo ndani yake, katikati ya krimu laini, mjukuu wake alikuwa anapiga miayo. Alilitoa kwenye mkanda akalificha chini ya kigoda chake. Msimamizi, aliyekuwa na jicho la mwewe kwa makopo na si kwa kitu kingine, aliliona, akalibana kifuniko mwenyewe, akalitia kwenye katoni ya dirisha la mauzo. "Mama Vifuniko, uzee huo," alisema.

Kengele ilipolia hakubadili hata ndara. Alikimbia hadi dirishani, upande wa barabarani, akiwa ameazimia kulinunua yeye. Alimkuta mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, ameshalishika.

"Dada, tafadhali usinunue hilo."

"Kwa nini?"

"Lina zebaki. Mjukuu wangu anaumwa kwa ajili yake, na yumo humo ndani."

Mama yule aligeuza kopo, akasoma lebo yote, mbele na nyuma, bila haraka.

"Hapa hawajaandika zebaki."

"Hawajaandika."

"Na hii alama ya ubora, ni ya kughushi?"

"Hapana," alisema Mama Vifuniko. "Alama ni ya kweli."

Mama kijana alifungua kifuniko. Mtoto wake alichungulia kutoka mgongoni. Ndani ya krimu, mjukuu wa Mama Vifuniko aliwatazama wote wawili, akatoa ngumi mdomoni.

"Jamani, mzuri," alisema mama yule, na sauti yake ikalainika. "Na ngozi yake ilivyo laini. Ni kwa krimu hii hii?"

"Ni kwa hii hii, dada. Ndiyo nakwambia. Imemwingia bila hata kupakwa."

"Bila hata kupakwa," alirudia mama kijana, akimtazama muuzaji aliyekuwa dirishani kwa mshangao wa mnunuzi aliyepata bahati, akalipa. Alichota kidogo kwa kidole hapo hapo, akajipaka shingoni, akasugua mpaka weupe ukapotea. Alimshukuru Mama Vifuniko kwa ushauri wake, akavuka barabara. Mtoto aliyekuwa mgongoni alikuwa amechoka na jua. Alilaza shavu kwenye shingo ya mama yake, akalala.