Mzunguko Usiopimwa

Evarista aliishia darasa la saba, lakini siku alipomtembelea mwanawe Obeid kazini kwake Mbeya, alielezwa akaelewa. Obeid alikuwa ametengeneza programu ya kuita magari ya wagonjwa. Nesi wa zahanati anabonyeza simu, ombi linaingia kwenye kompyuta ya Mbeya, nayo inamtafuta dereva aliye karibu.

"Ndani yake kuna mzunguko mmoja tu, mama," Obeid alisema. "Unashika kazi hii. Ikiwa inasubiri majibu ya mtandao, unaiweka pembeni, unashika nyingine. Haukai bure."

"Na kazi moja iking'ang'ania?"

Philbert, mwenzake wa meza ya pili, akadakia. "Mbane hapo hapo, mama! Nimemwambia aweke kipimo. Kila kazi ipimwe imeushika mzunguko muda gani, ikizidi kipige kelele. Hataki."

"Sijakataa. Wakubwa wanataka kwanza ripoti yenye picha. Na ukaguzi si upo? Kila mara mfumo unaulizwa, upo? Unajibu, nipo. Taa inakuwa ya kijani."

"Hiyo ni salamu, bwana, siyo ukaguzi! Nenda kwenu Mufindi umuulize mtu habari za nyumbani. Atakujibu nzuri. Mkishamaliza ya mvua na ya mahindi ndiyo atakwambia, ila tumefiwa."

Wakacheka wote. Evarista alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Moyoni kitu kilimkwaruza, maana binti yake Lea alikuwa na mimba ya kwanza kule Nyololo, na zahanati yao ilikuwa imeshaingizwa kwenye programu hiyo. Lakini ataanzia wapi kuwafundisha wasomi kazi yao?

Uchungu ulimshika Lea mchana, siku ya mnada, Evarista akiwa amesharudi Nyololo, akampeleka zahanati. Nesi Frida alimpima, uso ukambadilika.

"Mama, mtoto amelala vibaya. Lazima twende hospitali, Mafinga."

Akabonyeza simu. Ikaandika kwamba ombi limepokelewa. Wakasubiri. Lea alikuwa ameng'ang'ania chuma cha kitanda, jasho linamtiririka. Evarista akampigia mwanawe.

"Obeid baba, gari mbona haliji?"

"Ngoja nitazame... Mfumo uko sawa, mama. Kijani kabisa. Dereva atakuwa njiani."

Wakaiamini ile kijani. Hapo ndipo palipoharibika, na kila mzazi mwenye mtoto anayetengeneza vitu hivi na apasikie vizuri. Wangejibiwa kwamba mfumo umekufa, Frida angempigia dereva papo hapo. Lakini waliambiwa mzima, wakakaa, wakamfariji Lea, wakachungulia barabara. Frida alipochoka, akampigia Yotamu, dereva. Kumbe Yotamu alikuwa ameegesha pale pale njia panda, anatafuna hindi la kuchoma.

"Ombi gani, sista? Simu yangu haijalia tangu asubuhi!"

Alikuja mbio. Lea alipona. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Wiki hiyo hiyo Obeid aliweka kipimo, na kipimo kikamwonyesha. Ripoti ilikuwa ikipunguza ukubwa wa picha walizotaka wakubwa, moja baada ya nyingine, ndani ya mzunguko ule ule wa wagonjwa. Kati ya picha na picha mzunguko ulipata upenyo wa kujibu nipo, kisha ukazama tena. Ombi la Lea, lenye hatua nyingi, lilisogea hatua moja kwa kila upenyo.

Kazini walikuwa wameshakubaliana kusema kosa lilikuwa la mtandao. Obeid akapanda basi hadi Nyololo, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha dada yake, akamweleza yote bila kuficha.

Alipomaliza, Lea akauliza, "Hicho kipimo, kaka, kukiandika kunachukua muda gani?"

"Asubuhi moja."

Lea akavuta blanketi, akageukia ukutani. Obeid akainama, mabega yakaanza kumtetemeka. Evarista alisimama mlangoni na kikombe cha uji mkononi, akawatazama wanawe wawili, asijue amwendee yupi.