Suruali ya Bwana Harusi

Kaka yangu ni mnene, tena mnene wa kujivunia, na hilo halikuwa linanihusu mpaka siku ya harusi yake, nilipokuwa angani nikirusha ndege iliyombeba bibi harusi.

Kaka ndiye anayeongoza ndege kwenye kiwanja chetu kidogo. Ule mfuko wa upepo, mfano wa soksi kubwa, unaotundikwa mlingotini ili rubani ajue upepo unatoka wapi, ulichanika zamani. Tukaomba mwingine, wakubwa wakatuletea kalenda. Basi kaka akatundika suruali ya suti yake mpya, ambayo fundi aliikosea vipimo ikatoka pana hata kwake yeye. Ikafanya kazi kuliko soksi! Marubani wageni walicheka, sisi tukazoea kuulizana, "Suruali inasemaje?"

Siku hiyo nyuma ya wifi alikaa mama yake, ambaye hakuwahi kumwona mkwewe. Alikuja kumkagua, alisema mwenyewe. "Nisipomridhia, unanirudisha na mwanangu." Tulipokaribia kiwanja upepo ukaanza kutupiga ubavuni, na mafuta ya kurudi tulikotoka sikuwa nayo. Nikatazama mlingoti. Mtupu!

"Kaka," nikasema redioni, "suruali iko wapi?"

"Nimeivaa."

"Umeivaa?"

"Dada, leo naoa. Koti peke yake si suti."

Nilitamani kumzaba kibao kutoka kule juu. "Haya, upepo unatoka wapi?"

"Nje," akasema.

Nikamwamuru atoke na redio yake ya mkononi, asimame nione miguu ya suruali inapepea kwenda wapi. Akatoka, akatanua miguu. Hakuna kilichopepea. Wiki zote za kungojea ndoa mtu alikuwa anakula tu, na suruali ilikuwa imejaa hadi kwenye mshono.

Nikabahatisha. Nikalaza bawa la kushoto, kumbe upepo unatoka kulia, ukatusukuma nje ya njia kama takataka mbele ya ufagio. Nikafungua injini yote, tukapaa tena. Wifi alinikamata bega akaanza kulia. Nami niliogopa, kwa nini niseme uongo.

"Na yule mpumbavu anayetanua miguu pale chini ni nani?" mama yake akauliza.

"Ndiye, mama," wifi akajibu.

Nikaikamata redio. "Kaka, ivue."

"Mbele ya mkwe? Huna haya wewe?"

"Yako ni haya, yetu ni roho. Ivue!"

Nikamwona akiinama, akitoa mguu mmoja, akirukaruka, akianguka, akiinuka. Suruali ikapanda mlingotini, ikajaa upepo, ikanyooka kuelekea kushoto. Mungu ampe maisha marefu! Nikalaza bawa la kulia kuelekea upepo, nikakaza pedali ya kushoto ili pua isiiache njia. Tairi la kulia likagusa kwanza, likaenda peke yake kidogo, kisha likafuata la kushoto, mwisho la mbele.

Tulimkuta nyuma ya pipa amechutama. Koti, tai, ua kifuani, na chini bukta yenye vidoti. Uso ameufunika kwa kalenda.

"Nisamehe, mama," akasema. "Ukivuliwa nguo, chutama."

Mama mkwe akatengeneza mtandio wake, akamtazama sana. "Nani aliyekuvua? Umevua mwenyewe ili mwanangu ashuke mzima. Simama, baba."

Akasimama, machozi yanamtoka. Mimi nikakimbilia mlingoti kushusha suruali.

"Wewe! Iache hapo hapo," mama akanifokea. "Ndege ya wajomba bado iko angani."

Kaka yangu akafunga ndoa amevaa ovaroli yangu, iliyomwishia magotini.