Mkasi Mkubwa wa Dada

Asubuhi ile niliamka na furaha, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Nilikuwa naimba huku nikitia uzi kwenye cherehani. Dada akainua kichwa. Mkasi mkubwa ukahama kutoka mezani ukaingia mfukoni mwa aproni yake. Nikanyamaza. Ndipo akazidi kunitazama, maana kwetu hata kunyamaza kwangu kuna maneno.

"Umelala vizuri?"

"Nimelala."

"Na dawa?"

"Si nimemeza mbele yako, dada? Hata kikombe umenishikia wewe."

Nina ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Ukinipandisha, silali na dunia yote ni yangu. Ukinishusha, hata kuchana nywele ni mlima. Mara ya mwisho uliponipandisha nilikatakata mapazia ya mteja, nikitaka kuyafanya mabawa. Sawa, yalitokea. Lakini mwaka mzima umepita, na mwaka huo nimeumaliza kwa kukunja pindo na kushona vifungo. Kukata, kazi ninayoijua kuliko yeyote chini ya bati la kibanda chetu cha ushonaji, nimenyimwa. Siku ile nilitaka kitu kimoja tu: kukata gauni la harusi la mwalimu mmoja anayeolewa Jumamosi.

Mtu mwingine akikasirika, amekasirika. Mimi nikikasirika, "ameanza." Nikicheka, "ameanza." Naangaliwa kama maziwa yaliyo motoni. Na kinachoniuma zaidi, mwenyewe najiangalia hivyo hivyo. Ule wimbo ulikuwa wangu, au wa ugonjwa? Mguu ukaanza kunicheza chini ya meza. Nikaubana kwa mwenzake, ikacheza yote miwili.

Dada akatandaza kitambaa mwenyewe. Kilikuwa cha kung'aa upande mmoja tu, na kitambaa cha namna hiyo hakitaki papara: ukishakata mkono wa kwanza wa gauni, unageuza karatasi ya kipimo ndipo ukate wa pili. Akakata wa kwanza, akanitazama. Akakata wa pili, akanitazama tena.

"Mbona mguu unacheza?"

"Ni mguu tu, dada."

"Nimpigie daktari?"

"Mpigie! Mwambie nina mguu!"

"Umeona? Umeona unavyonifokea?"

Nilikuwa nimesimama na hasira, hasira halali kabisa. Ndipo nikaiona ile mikono ya gauni juu ya meza.

"Dada, umekata yote miwili ya kushoto."

Akaigeuza huku na huku. Kila alivyojaribu, mmoja ukawa unang'aa kwa ndani. Akatupa chaki ukutani. Akakitukana kitambaa, akamtukana mwalimu na harusi yake, akanitukana mimi, kisha akaketi sakafuni akalia kama mtoto.

Nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo mwaka mzima. Nikamwinamia, nikamuuliza kwa sauti yake mwenyewe, "Umelala vizuri?"

Nilidhani atanizaba kibao.

"Sijalala," akasema. "Tangu mwaka jana, mdogo wangu, silali. Nasikiliza mlango wako."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilitamani kumkumbatia na nilitamani kumpigia kelele, vyote kwa pamoja, na sikufanya hata kimoja.

Akautoa mkasi mfukoni, akaninyooshea upande wa mpini.

"Kimebaki kipande kimoja."

"Nakiona."

"Ukikosea, hatuna kingine."

"Najua."

"Mkono wako unatetemeka."

"Na wako."

Nikageuza karatasi, nikaibana kwa pini, nikaweka mkasi kwenye kitambaa. Mguu bado ulikuwa unacheza, nikauacha ucheze. Nilipoanza kukata nilisubiri sauti yake nyuma yangu, nikasubiri tena. Haikuja. Nikageuka kidogo tu.

Dada alikuwa amejilaza juu ya rundo la vipande, amegeukia ukutani, anakoroma.